Umeingia Darasa la Sanaa: Vidokezo 12 Kabla Hujachonga Penseli

Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliripoti Sekondari Pevu nchini Kenya, kila mmoja akiwa ameshachagua njia moja kati ya tatu: ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, au ya sanaa na sayansi ya michezo. Hiyo ya tatu ndiyo yetu. Ndani yake, kando ya muziki, ngoma, tamthilia na michezo, limo somo ambalo chini ya mfumo wa 8-4-4 lilifundishwa katika shule chache tu, mara nyingi kwenye chumba cha mwisho karibu na stoo: kuchora, kupaka rangi, kuchapa, kusuka, kufinyanga na kuchonga.

Nimelifundisha somo hili Pwani kwa miaka 17. Kila mwaka, wiki ya kwanza, kuna anayesimama mlangoni hataki kuingia. "Mwalimu, mimi sijui kuchora." Humwambia aingie, tena akae mbele. Wanaojitia kujua ndio hunipa kazi, maana wana mengi ya kusahau.

1. Neno "kipaji" liache mlangoni pamoja na viatu

Sisemi kipaji hakuna. Wapo watoto ambao mkono wao ni mwepesi tangu chekechea. Lakini nimewaona wengi wao wakikwama, kwa sababu wanachora wanachokijua badala ya wanachokiona. Jicho kwao ni lozi lenye duara katikati. Mti ni kigogo chenye wingu juu. Nyumba ina mlango katikati na jua lenye miale pembeni, ijapokuwa mtaa mzima hauna mti wa namna hiyo wala nyumba ya namna hiyo.

Jaribu hivi leo usiku. Chora kiatu chako bila kukitazama, dakika 5. Kisha kiweke mezani ukichore ukikitazama, dakika 40, bila kuinuka. Ziweke karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni kiatu cha mtu yeyote. Ya pili, hata ikiwa imepinda, ni chako: kisigino kimelika upande mmoja, kamba imepigwa fundo mara mbili, ngozi imekunjamana pale vidole vinapokunja. Tofauti hiyo ndiyo somo zima. Mkono ni tarishi tu. Mwenye habari ni jicho.

2. Daftari duni, kila siku

Usingoje daftari la jalada gumu. Karatasi zilizochapwa upande mmoja, zile zinazotupwa ofisini na kwenye maduka ya fotokopi, zikate katikati, zishone kwa uzi wa gunia, umemaliza. Faida ya daftari duni ni kwamba halikutishi. Nimeona daftari la bei likikaa muhula mzima na kurasa 3 tu zilizochorwa, mwenyewe akiogopa kulichafua.

Dakika 15 kwa siku zinashinda saa 3 za Jumamosi. Andika tarehe kila ukurasa, wala usichane hata ule wa aibu. Na chora watu, kwa kuwa watu ndio wagumu. Kivuko cha Likoni ni darasa lisilo karo: abiria wamesimama na mizigo, baiskeli, kuku, macho yote yako ng'ambo. Utapata dakika chache kwa kila mmoja, nazo zitakufunza kushika mkao kabla ya sura. Aliyesinzia kwenye matatu, huyo ni zawadi.

Adabu ni lazima, hata hivyo. Unayemchora kwa karibu muombe ruhusa. Wako wazee wasiopenda sura zao zichorwe, wengine kwa sababu ya dini, na haki ni yao. Chora mikono yao basi, au kikoi kilivyokunjana, au mgongo ulivyoegemea ukuta wa baraza. Mikono ya mshona viatu mmoja imenipa michoro bora kuliko uso wowote niliowahi kuuchora.

3. Pima, usikisie

Nyosha mkono wote, penseli wima, fumba jicho moja. Ncha ya penseli ikae juu ya kitu, kidole gumba kishuke hadi mwisho wake wa chini. Hicho ndicho kipimo chako. Sasa uliza: upana unaingia mara ngapi katika urefu? Ukikunja kiwiko, kipimo kinabadilika na mchoro unakwenda kombo.

Viko vipimo vichache vya kukaa navyo kichwani. Macho ya binadamu yako nusu ya urefu wa kichwa. Wanaoanza huyapandisha karibu na nywele, mtu akakosa mahali pa ubongo. Mtu mzima aliyesimama hufika kama vichwa 7 na nusu. Kiganja chako, toka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, hufunika uso toka kidevu hadi zinapoanza nywele. (Najua umejaribu sasa hivi.)

Kiti kikikushinda, achana na kiti. Chora nafasi zilizo baina ya miguu yake, ule uwazi wenye pembe tatu au nne. Uwazi hauna jina, kwa hiyo hujaukariri popote, na jicho linalazimika kufanya kazi. Ukitaka kujua penye giza na penye mwanga, finya macho mpaka uone ukungu. Mambo madogo madogo hupotea, vivuli vikubwa vikabaki.

4. Anzia jikoni

Darasani huletwa chupa na matunda, desturi tuliyoirithi kutoka vitabu vya Ulaya. Sina ugomvi nayo, ila jikoni kwenu kuna mtihani bora. Mbuzi ya nazi, kwa mfano: ubao wa kukalia unaokujia, miguu iliyopishana, na ulimi wa chuma wenye meno ukikutazama usoni. Aliyeweza kuichora mbuzi kutoka mbele ataweza chochote. Dele la kahawa nalo lina shingo, mdomo na mpini, na kwenye shaba yake chumba kizima kimejikunja.

Sufuria ndiyo ya kwanza kabisa. Mdomo wake ukitazamwa kwa ubavu huwa duara lililobanwa. Kitako nacho hujipinda, tena kuliko mdomo, kwa sababu kiko chini zaidi ya jicho lako. Karibu kila mwanafunzi mpya huchora mdomo umejipinda na kitako kimenyooka kama rula. Sufuria ya hivyo haikai jikoni.

5. Vifaa vingi viko nyumbani, na makaa utayachoma mwenyewe

Orodha ya shule ikikutisha, anza na penseli 3 (HB, 2B na 6B), ufutio, wembe, gundi nyeupe ya mbao na brashi 2. Kadiri nambari ya B inavyopanda ndivyo risasi inavyokuwa laini na nyeusi. H ni ngumu na hafifu. Chonga kwa wembe, risasi ibaki nje ndefu, ili uweze kuilaza ubavu na kutia kivuli. Kichongeo hukupa ncha fupi ya kuandikia barua.

Makaa ya kuchorea usinunue. Kata vijiti vikavu vya unene wa penseli, vimenye maganda, vipange vibanane ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, la kakao au la maziwa ya unga. Toboa tundu moja dogo kwenye kifuniko. Weka kopo juu ya jiko lenye moto, nje ya nyumba. Moshi utatoka tunduni. Ukikatika, kazi imekwisha. Sasa ngoja. Hapa ndipo wengi huharibu: hufungua kopo lingali na moto, hewa inaingia, vijiti vinawaka na wao wanabaki na jivu. Likipoa kabisa utatoa makaa meusi yanayoteleza kwenye karatasi. Kosa lake hufutwa kwa donge la mkate laini, ikiwa hujaula.

Usione haya kuchora kwa makaa ya jiko. Ndani ya Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, kuna michoro ya ukutani waliyoichora wenyewe kwa weusi na wekundu: meli, samaki, watu. Ni mikono ya watu waliokuwa mbali na kwao, wakiwa na ukuta mtupu mbele yao. Michoro hiyo imedumu karne kadhaa. Na ukidhani wakubwa wa leo wanahitaji kitambaa kisicho na dosari, mtazame Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Yeye hupaka rangi juu ya lubugo, nguo ya gome la mti ya Waganda, yenye matundu na mishono, na matundu huyaacha yaonekane.

6. Rangi bila kishikizo ni vumbi

Hapa nitajisema mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, mradi wangu ulikuwa picha kubwa ya soko, rangi ya unga juu ya karatasi ya manila. Siku ya kuwasilisha niliiviringisha, nikaipakata kwenye basi kwa saa nzima. Nilipoikunjua, nusu ya wachuuzi wangu walikuwa wamehamia kwenye shati. Nilikuwa nimekoroga rangi kwa maji matupu, na maji yakishakauka hakuna kinachoishika rangi kwenye karatasi. Tia matone ya gundi nyeupe, au uji mwembamba wa wanga. Na picha ya rangi haiviringishwi. Hulazwa baina ya vipande viwili vya boksi gumu.

Nyeusi ifungie kabatini muhula wa kwanza. Ukitia kivuli kwa kuongeza nyeusi, rangi inakufa. Ongeza ile inayoielekea kwenye duara la rangi: kijani kwa nyekundu, zambarau kwa njano, bluu kwa rangi ya chungwa. Faida yake utaiona kwenye ngozi zetu. Kahawia ya kopo ikipakwa moja kwa moja, mtu huonekana amekandikwa udongo. Anza na nyekundu na njano, zipoze kwa bluu kidogo kidogo, kisha tazama tena uso wenyewe. Paji la uso limechukua mwanga wa mbingu. Chini ya kidevu pamechukua rangi ya shati.

7. Kanga ni kitabu chako cha usanifu

Ukiniuliza ununue kitabu gani cha usanifu, nitakutuma Biashara Street, Mombasa, ukatazame kanga zilizoning'inizwa. Kila kanga ina pindo, mji na jina. Pindo linazunguka pande zote nne, mji ni uwanja wa kati, na jina ni maandishi yaliyokaa kwenye kisanduku chake chini ya mji. Mchoraji wa kanga amefungwa na masharti hayo, rangi zake ni chache, na kwa zaidi ya karne moja michoro haijamwishia. Mwanafunzi anayelalamika kwamba swali la mtihani limembana angejaribu kazi hiyo kwa wiki moja.

Zoezi langu ni hili. Chukua kanga moja nyumbani, lakini omba kwanza, maana kanga ya mtu ina habari zake. Hesabu rangi. Tafuta mahali ambapo chapa inaanza kujirudia. Angalia pindo linavyogeuka kwenye kona: wako wanaolikata, wako wanaochora ua la kona, wako wanaoacha mistari igongane na kutegemea kwamba hakuna atakayeona. Uliza kwa nini mji wenye korosho 4 kubwa umetulia, na ule wenye vinukta unachezacheza machoni. Soma jina, kisha tazama mji tena: mchoro unakubaliana na maneno au unayafichia siri? Halafu tafuta kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe anayovishwa bibi harusi. Kwa desturi haina jina, na haijapungukiwa na kitu.

Baada ya hapo buni yako: pindo, mji, jina, rangi 3. Ichonge kwenye lino ili uichape. Lino ikikosekana, soli ya ndara kuukuu huchongeka vizuri kwa wembe, na kiazi kikubwa kinatosha kwa majaribio. Herufi zichonge kinyume ili zikichapwa zinyooke. Nakukumbusha kwa sababu kila mwaka kuna anayesahau, na kanga yake ikasomeka kwenye kioo tu.

8. Udongo hauna haraka

Tanuri likifunguliwa hakukosi kilio. Sanamu imepasuka, na lawama zote hutupiwa mapovu ya hewa. Hewa ina makosa yake, lakini mchawi hasa ni maji. Udongo uliokauka nje huweza kubaki na unyevu ndani. Moto ukipita nyuzi 100, maji hugeuka mvuke, mvuke hukosa pa kutokea, nao hujifungulia njia kwa nguvu. Kwa hiyo komba ndani ya sanamu nene hadi ukuta wake ubaki na unene wa kidole. Kausha polepole, kivulini, wiki au zaidi. Masika yakiwa yamekolea, ongeza siku. Kabla ya kuchoma, iguse kwa shavu. Ukisikia baridi, bado ina maji.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa duniani. Huvijenga kwa mkono bila gurudumu, huvisugua hadi ving'ae, kisha moto ndio unaovipa rangi: hewa ikitosha tanurini chungu hutoka na rangi ya chungwa, kikichomwa tena kwa kunyimwa hewa hugeuka cheusi. Sehemu ya elimu hiyo aliifuata Abuja, Nigeria, kwa akina mama wafinyanzi, Ladi Kwali akiwa mmoja wao. Nyanya yako akiwa wa ukoo wa wafinyanzi, huenda anayajua haya yote na hakuna aliyewahi kumuuliza. Anza naye kabla hujafungua YouTube.

9. Iga kwa kujifunza, usinakili kwa kujificha

Kumwiga fundi ili ujue mkono wake ulipita wapi ni halali. Fanya, andika jina lake chini, weka kwenye daftari. Kubandika picha ya simu kwenye kioo cha dirisha, ukafuatisha mistari na kutia sahihi yako, hilo ni jambo jingine. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyechora picha za ukutani za kanisa la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa kupinga kunakili. Kwenye kuta zile alimweka Yesu katika mandhari ya Wakikuyu. Angeweza kufuatisha picha za misheni zilizokuwa zimejaa kila mahali. Akatoka nje akatazama vilima.

Picha za akili unde nazitambua, na sihitaji kuhesabu vidole. Nasema tu, "Nionyeshe kurasa zilizotangulia." Aliyechora mwenyewe hufungua daftari, na makosa yake yote yamo humo kwa mpangilio. Mwingine huanza kusimulia habari za mvua na begi.

Tena, tafadhali, Mmaasai anayeruka jua likizama ameshachorwa. Na ukiipenda tingatinga, kumbuka kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968, Dar es Salaam, kwa rangi ya kopo ya duka la kawaida na vipande vya hadibodi, akafa mwaka 1972. Miaka michache tu, na mpaka leo watu wanakula kwa mkono wake. Ukifuata mtindo huo, basi weka ndani yake mnyama au jambo uliloliona wewe.

10. Toka ukaione kwa ukubwa wake

Kwenye simu kila kazi ina ukubwa mmoja, wa kiganja. Hujui kwamba hii ni kubwa kama mlango na ile ni ndogo kama kiberiti. Nenda Changamwe ukawatazame wachongaji wa Kikamba, hasa pigo la kwanza la tezo, kabla kinyago hakijawa mnyama. Nairobi, ghorofa ya chini ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966: vinyago, nguo, mapambo kutoka pande nyingi za Afrika. Chagua kitu kimoja ukae nacho dakika 20. Simu ibaki mfukoni mpaka uwe umekichora.

Na Lamu. Makumbushoni ziko siwa mbili, yaani baragumu za sherehe, ya pembe kutoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe. Kisha omba kuingia nyumba moja ya zamani utazame zidaka, zile safu za vidirisha visivyopenya vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa, kila kimoja kikiwa na kivuli chake. Jua linavyohama, ukuta wote hubadilika bila mtu kuugusa. Sijaona somo la mwanga na kivuli linaloshinda hilo.

Nikizitazama zidaka huikumbuka Metropolitan Museum ya New York. Ukuta wake wa mbele, uliokamilika mwaka 1902, ulikuwa na vidaka 4 vya kuwekea sanamu, vikakaa vitupu miaka yote hiyo. Vilijazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019, kwa wanawake 4 wa shaba walioketi. Aliyewatengeneza ni Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi.

11. Mzazi akiuliza utakula nini, mjibu

Usinune. Swali ni la mapenzi, na ni la haki. Mwonyeshe pakiti ya unga, bango la duka, kanga aliyojifunga, jengo mnamoishi: kila kimoja kilichorwa na mtu aliyelipwa. Mtajie pa kuendelea. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha sanaa, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha usanifu, na Makerere ina shule ya sanaa ambayo Margaret Trowell aliianza mwaka 1937. Hapo Makerere ndipo aliposoma Sam Ntiro wa Tanzania, ambaye picha yake iliingia katika Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960.

Ila usimdanganye kwamba ni mteremko. Wasanii wengi ninaowajua wana kazi ya pili. Yangu ni hii ya kukufundisha wewe.

12. Mradi ukamilike wiki moja kabla

Kwa nyinyi mliobaki kwenye 8-4-4, ambao kundi lenu la mwisho linafanya KCSE mwaka 2027, mtihani wa Sanaa una nadharia, vitendo na mradi. Nadharia ndiyo inayowaangusha wachoraji hodari: wanadhani brashi itawasemea. Jifunze majina ya vifaa, hatua za kazi na historia, kama ungefanya kwa Biolojia. Gredi ya 10 msicheke, kazi zenu zinatazamwa muhula hadi muhula.

Hifadhi kila kitu. Boksi la friji likikatwa mara mbili na kuunganishwa kwa utepe linakuwa jalada kubwa la kubebea kazi. Liweke juu ya kabati, mbali na sakafu na ukuta, kwa sababu ya mchwa na unyevu wa Pwani. Nyuma ya kila picha andika jina, tarehe na ulichotumia. Piga picha kwa simu mchana, kivulini, bila taa ya simu, karatasi ikiwa imesimama wima mbele yako. Na kabla ya kukabidhi mradi, ushike mbele ya kioo uutazame ndani ya kioo. Jicho lililozoea makosa kwa wiki 3 litayaona mara moja. Ndiyo maana nimesema umalize wiki moja kabla: ili upate muda wa kusahihisha jicho lililopanda na bega lililoshuka.

Penseli ikifupika hadi haishikiki, usiitupe. Ng'oa mrija wa wino kwenye bolpeni iliyokwisha, chomeka penseli kwenye lile ganda, ikaze kwa karatasi. Hapo una wiki 2 nyingine za kuchora.